Vitenzi Tisa na Mzuka wa Muuza Mito

Chini ya kioo cha kompyuta kuna maneno tisa. Fungua, funga, mpe, chukua, tazama, zungumza, sukuma, vuta, tumia. Yameandikwa kwa Kiingereza, lakini tafsiri yake ndiyo hiyo, na ukishayajua umeujua mchezo mzima wa Thimbleweed Park. Unabonyeza neno, kisha unabonyeza kitu, halafu unangoja uone kitakachotokea. Hakuna bunduki, hakuna magari yanayokimbizana, hakuna saa inayokuhesabia. Vijana waliozoea mpira wa PlayStation kule vibandani wakiuona wanauliza, "Sasa hapa mtu anashinda vipi?"

Nataka kuwaeleza habari zake nyinyi wenzangu mnaoandika. Najua wapo watakaosema gazeti la hadithi linahusika vipi na michezo ya kompyuta. Subirini kidogo.

Mshikaji wangu mmoja ana kibanda cha kutengeneza kompyuta Mtaa wa Aggrey, pale Kariakoo. Kompyuta yenye mchezo huu ni kuukuu, ya mtumba, na kibodi yake imeng'oka herufi mbili. Mchezo wenyewe hauhitaji zaidi ya hapo. Picha zake ni za vitone vya mraba, watu wana vichwa vikubwa kama wanasesere, na umefanywa hivyo makusudi ingawa umetoka mwaka 2017. Waliouunda ni Ron Gilbert na Gary Winnick, Wamarekani wawili ambao mwaka 1987 walitengeneza Maniac Mansion, mchezo wa nyumba ya vituko, wakiwa katika kampuni ya George Lucas, yule wa sinema za Star Wars. Gilbert ndiye pia aliyeongoza The Secret of Monkey Island mwaka 1990, habari za kijana anayetaka kuwa haramia na mzuka wa haramia mwingine anayemsumbua. Humo watu hupigana kwa panga, lakini anayeshinda ni yule mwenye jibu kali kwa tusi la mwenzake. Mtu wa mipasho angeumaliza ule mchezo kabla chai haijapoa.

Michezo ya namna hii ilipopitwa na wakati, makampuni yakaitupa. Mwaka 2014 Gilbert na Winnick wakapitisha bakuli kwenye intaneti, wakaomba watu wa kawaida wawachangie. Zikapatikana zaidi ya dola 600,000. Sisi watu wa kadi za michango tunalielewa jambo hili vizuri, ila wenzetu walilipa shukrani kwa namna iliyonigusa: ndani ya mchezo kuna kitabu cha simu chenye majina ya wachangiaji, na kuna maktaba ambayo vitabu vyake vifupi viliandikwa na mashabiki wenyewe. Unafika kwenye rafu, unabonyeza tazama, unasoma ukurasa wa mtu asiyejulikana na mhariri yeyote. Mimi ambaye miswada yangu inarudi na bahasha yake nilikaa katika maktaba ile karibu saa nzima, mshikaji wangu akilalamika kwamba namaliza umeme wake.

Hadithi inatokea mwaka 1987 katika mji mdogo wenye watu themanini tu. Maiti imelala chini ya daraja, mtoni. Wapelelezi wawili wanakuja. Kituko ni kwamba hakuna anayeijali ile maiti. Kila mtu ana shida zake. Yupo mchekeshaji wa sarakasi ambaye kazi yake ilikuwa kuwatukana watazamaji, akamtukana mwanamke mganga, akalaaniwa asiweze tena kufuta rangi usoni. Yupo Delores, binti anayetaka kutunga michezo ya kompyuta, na ami yake tajiri akamnyima urithi kwa sababu hiyo. (Waliomaliza kidato cha nne nyumbani kwao wakasema wanataka kuandika riwaya, huyu Delores ni ndugu yenu.) Na yupo Franklin, baba yake Delores, aliyekuwa muuzaji wa mito ya kulalia. Franklin amekufa. Ni mzuka katika hoteli.

Hapa ndipo kibanda kilipojaa.

Jioni wateja wakipungua, majirani husogea: wauza chaji, wauza makava, kijana wa kahawa na birika lake, mzee mmoja muuza kofia. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Kila sentensi naisoma kwa Kiingereza moyoni, naitoa kwa Kiswahili mdomoni. Nilipofika kwa Franklin nikasema, "Huyu alikuwa muuza mito." Kijana wa kahawa akadakia, "Anauza mito? Si aje atuchukulie Msimbazi, tena tunampa bure!"

Kibanda kizima kikaanguka kicheko. Wawili kati ya waliokuwapo ni watu wa Jangwani, na Jangwani mnaijua. Mvua kubwa ikinyesha Mto Msimbazi unahamia barabarani, na mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu, wengine wakahamishiwa Mabwepande. Wao ndio waliocheka zaidi. Tangu siku hiyo Franklin akawa mzuka aliyekuja kununua Msimbazi akafilisika, na kila alipotokea mtu alimwuliza bei imefikia ngapi. Kichekesho hicho hakimo katika mchezo. Kimezaliwa na neno letu moja lenye maana mbili, kwenye kibanda cha futi sita kwa sita.

Vichekesho vingine vilikufa mdomoni mwangu. Mizaha inayotegemea michezo mingine ya zamani, au maneno ya Kiingereza yanayofanana sauti, niliiacha tu. Lakini ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya Franklin mwenyewe: tumwiteje? Mimi nilianza na "jini". Mzee wa kofia akakataa katakata. Jini hajapata kuwa mtu, akasema, jini kaumbwa jini. Mmoja akasema "mzimu". Mzee akasema mzimu una watu wake na mahali pake, unapelekewa sadaka, huyu nani kampelekea hata ubani? "Pepo" ikakataliwa, pepo humpanda mtu. "Kibwengo" ikachekwa. Mwishoni ikapita "mzuka", kwa kuwa anazuka, basi. Mimi nilikuwa na kurasa mia na arobaini za riwaya ambamo maneno yote hayo nimeyachanganya kama viungo vya pilau, na mzee asiyeandika alikuwa ananipa somo bure.

Na mzuka huyu hana yale maneno tisa yote. Hawezi kuchukua kitu, mkono unapita. Anachoweza ni kupuliza, kuleta ubaridi, kutoa cheche za umeme, na kuguna. Yuko chumba kimoja na watu wala hawamwoni, na binti yake hajui kwamba baba bado yupo. Unacheka anavyopuliza, kisha unanyamaza kidogo.

Sasa niseme kwa nini jambo hili lilinikaa.

Baba yangu alifariki mwaka 2018. Alikuwa akiuza vitunguu Soko la Kariakoo, kule shimoni, na mguu wake wa kushoto ulikuwa mbovu. Sisi ni Wazaramo. Siku ya msiba, jeneza likiwa tayari kutolewa, mtani wake Mnyamwezi, mchukuzi wa pale pale sokoni, akalala kizingitini. Hatoki mtu, alisema, marehemu ana deni langu. Watu wakatupa sarafu. Akainuka, akachukua kofia ya baba pale msumarini, akaivaa, akaanza kutembea barazani akiburura mguu wa kushoto. Akamfokea mteja asiyeonekana, kwamba kama hanunui asiminye kitunguu cha watu. Ilikuwa sauti ya baba, ile ile. Mama alikuwa chumbani, ameanza eda, haoni kitu, anasikia tu dirishani. Akacheka. Nilimsikia kwa masikio yangu. Alicheka kwa nguvu, halafu ndipo kilio chake halisi kikaanza, maana tangu alfajiri alikuwa amekaa kama ukuta.

Utani huu wa Wazaramo na Wanyamwezi ni wa tangu misafara ya karne ya 19, wapagazi wakitoka bara kuja pwani na kupita Uzaramo. Siku hizi wapo masheikh na wachungaji wasiotaka kuuona msibani, na majumba ya ghorofa ya Kariakoo hayana kizingiti cha kulalia. Lakini nilipomwona Franklin nilijua kwamba mimi nimeshawahi kuona kitu hiki. Tumekuwa tukifanya kichekesho cha wafu miaka mingi kabla kompyuta haijaingia bandarini. Kwa nini basi mizuka katika riwaya yangu ilikuwa inanguruma tu, ina macho mekundu na kucha, kama ya kwenye mikanda ya video?

Jibu moja ni hofu, na hofu yenyewe ina sababu. Mwaka 1995 Popobawa alipovuma Pemba na Unguja, watu walilala nje kwa makundi, mioto imewashwa, na wakati ule ule vichekesho juu yake vikasambaa mpaka huku bara. Lakini mjini Unguja umati ulimuua mtu mmoja mgonjwa wa akili, ukidai kwamba ndiye. Na Usukumani tunajua vikongwe wangapi wamekatwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, kumbe ni moshi wa kuni wa maisha yote. Mwamerika akitunga mzuka wa kuchekesha hana wasiwasi kwamba kesho kutwa jirani atanyooshewa kidole. Mimi ninao. Yale macho mekundu niliyoyaweka katika sura ya tatu nimeyafuta, na mwanamke yule mzee wa nyumba ya nyuma nimempa kazi nyingine. Ni muuza vitumbua sasa, na ndiye anayejua kila siri ya mtaa.

Mwenye kutaka mwalimu wa nyumbani amrudie Muhammed Said Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi, ikatoka kitabu mwaka 1960, na mambo yote ya mchezo huu yamo mle: mauaji, mahali panapoogopwa, na Bwana Msa na kiko chake akitazama kitu kimoja kimoja wakati wengine wanatetemeka. Watu wanasema mzimu umeua. Yeye anatafuta mkono wa mtu. Nilipokisoma shuleni nilikimbilia mwisho nijue muuaji. Safari hii nimekisoma kwa macho ya yule anayebonyeza tazama, na nimeona jinsi mwandishi anavyoweka kitu kidogo ukurasa huu ili akitumie kurasa hamsini mbele.

Basi nikafanya hivi. Nimechukua nyumba ya Kiswahili tunayokaa, hapa Ilala, nyuma kidogo ya Mtaa wa Shauri Moyo. Mnaijua ilivyo: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani jiko, bomba na choo. Vyumba sita, wapangaji sita, mita moja ya umeme, na ugomvi wa nani ana friji. Nikachora ramani yake kwenye karatasi ya kufungia maandazi. Kila chumba nikaandika vitu vilivyomo, vya kweli, hata kama havina maana: ndoo iliyotoboka, kalenda ya mwaka jana, saa iliyosimama, mto wa kulalia. Kisha kila kitu nikakipitisha kwenye yale maneno tisa. Nani anaweza kukifungua? Nani kakivuta, kakisukuma, kampa nani?

Kiswahili kina utamu wake hapa. Funga na fungua ni mzizi mmoja, unaongeza kidogo tu kitu kinageuka. Kutoka funga napata fungwa, fungia, fungana, fungisha. Mlango ukifunguka wenyewe usiku, kitenzi peke yake kimeshaleta mzuka, wala sijataja kucha. "Mlango ulifunguliwa" ni habari ya polisi, kuna mtu. "Mlango ulifunguka" ndiyo hadithi yangu. Kwa wiki nzima nilikuwa natembea Kariakoo nikinyambua vitenzi kama mwendawazimu, mpaka mpiga debe mmoja akaniuliza kama nimepoteza nauli.

Chumba cha nne nimempa mzuka wa muuza vitunguu. Hawezi kushika chochote. Anachoweza ni kuleta harufu ya vitunguu, na watu wakitokwa na machozi wanadhani ni vitunguu. Mguu wake hauburuti sakafu tena kwa kuwa haugusi chini, lakini yeye anachechemea kwa mazoea. Anagombana na mpangaji mpya aliyehamia katika chumba chake bila kujua, na kisa cha ugomvi ni deni la Mnyamwezi.

Sijamaliza. Nina sura nne, na ya tano inakataa. Wiki iliyopita nilimsomea mama sura ya kwanza, umeme umekatika, tuko barazani kwa taa ya simu. Sikumwambia ni nani. Alisikiliza mpaka mwisho huku anachambua mchele, hakucheka hata pale nilipopategemea. Nikafunga daftari. Akasema, "Vizuri. Lakini baba yako kabla hajamfokea mtu alikuwa anakohoa kwanza. Mara mbili. Hata yule mtani alikohoa."

Nikaomba kalamu.