Kuhusu Ua Lako Lisilochanua

Msalato, Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia umehamia salama, na nimeyasoma kwa makini uliyoniandikia kuhusu ua lako la Usambara. Unasema majani yamenawiri, mapana na ya kijani kibichi, ila miezi inapita bila tumba hata moja, na sasa unataka kununua mbolea kali zaidi. Nakusihi usiinunue. Mmea wenye majani ya namna hiyo hauna njaa. Unachokosa ni mwanga unaoufaa, na nataka uelewe sababu yake badala ya kunitii tu kwa kuwa mimi ni shangazi yako.

Anza na kwao. Ua hili, ambalo leo linapamba madirisha ya Ulaya na Marekani, ni mzaliwa wa misitu yetu ya mashariki. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland, wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, alilipa jina la Saintpaulia kwa heshima ya Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani huko Tanga, aliyelipeleka Ujerumani. Msituni huota kwenye miamba yenye kuvumwani na nyufa zenye mboji kidogo, chini ya miti mikubwa, mahali ambapo ukungu hauadimiki. Amani, katika Usambara Mashariki, hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Sisi hapa Dodoma tunapata kati ya 550 na 600, tena karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Zingatia mambo mawili hapo. Mmea huu umezoea chakula kidogo mno, kwa kuwa ufa wa mwamba hauna rutuba ya shamba. Na umezoea kivuli, lakini si giza: mwanga wa mchana kutwa, uliochujwa na majani ya miti.

Mwanga huo uliochujwa ndio unaoamua kama ua litachanua. Tumba hugharimu mmea sukari nyingi, na sukari hutengenezwa na jani kwa mwanga, haitoki kwenye mfuko wa mbolea. Penye mwanga hafifu mmea hutengeneza sukari ya kujikimu tu, basi hubaki na majani yake. Huhitaji kifaa cha kupimia. Mmea wenyewe unasema. Tazama vikonyo vya majani. Vikiwa virefu, vimenyanyuka kuelekea dirishani, mwanga ni mdogo. Majani yakipauka na yale ya katikati yakisongamana, umezidi. Kipimo kingine ni mkono wako: uweke juu ya mmea mchana, kiasi cha shibiri moja na nusu. Kivuli chenye kingo laini kinafaa. Kikiwa kikali, weusi wake ukikatika kama uliochorwa kwa wino, hilo ni jua la kuunguza.

Najua utaniambia kwamba Dodoma jua si kitu cha kutafuta, kwa hiyo uliweke kibarazani yaishe. La hasha. Jua la saa saba mchana huacha mabaka ya kahawia kwenye majani yale yenye manyoya, na upepo wetu mkavu hunyonya maji kwenye majani haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyarudisha. Lakini umegusa jambo la kweli: katika mwanga sisi ni matajiri. Huko Ulaya kaskazini siku za Desemba ni fupi na za kijivu, ndiyo maana wapenzi wa ua hili huwasha taa za umeme juu ya vyungu. Hapa urefu wa mchana wa Juni na wa Desemba haupishani hata saa nzima, kwa hiyo ua likipata nafasi sahihi halina msimu wa kulala. Nafasi hiyo ni dirisha la mashariki lenye pazia jepesi. La kusini nalo ni zuri kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba, wakati jua liko upande wa kaskazini. Novemba ikifika, jua limehamia kusini, lisogeze ua nyuma kidogo. Usiku uache kuwe na giza la kawaida, mmea unalihitaji.

Hoja ya mbolea haijaisha, maana utasema umeona watu wakitia mbolea na maua yakatoka. Nami nakubali. Lakini angalia vyungu vyao vinakaa wapi: dirishani. Mbolea husaidia mmea ambao tayari una mwanga. Ukiutilia uliomo kivulini, hasa urea au samadi yenye naitrojeni nyingi, unauagiza uzae majani zaidi, na ndivyo hasa ulivyofanya wako. Maua yakishaanza, tumia mbolea ya maji kwa robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mara moja kwa mwezi.

Maji yanahitaji uangalifu mkubwa hapa kwetu. Maji ya visima yana chumvi. Yale magamba meupe ndani ya birika lako ndiyo hayo hayo yanayoganda kwenye ukingo wa chungu, na kikonyo kikiegemea pale huoza. Kuyachemsha hakutoi chumvi ya aina zote, na yanapopungua kwa mvuke inayobaki huzidi ukali. Kinga maji ya bati masika, uyahifadhi kwenye tangi lenye mfuniko. Mimina kwenye kisahani, yasiwe ya baridi, acha chungu kinywe nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki. Subiri udongo wa juu ukauke ndipo urudie. Na mara moja kwa mwezi mwagilia kwa juu, taratibu, mpaka maji yapite chini na kuondoka na chumvi, bila kulowesha majani.

Chungu kiwe kidogo, theluthi moja ya upana wa mmea, na udongo uwe mwepesi: mboji, makumbi ya nazi yaliyosagwa na mchanga mnene. Vumbi la kiangazi lipanguse kwa brashi laini, si kwa kitambaa kibichi. Vichipukizi vya pembeni ving'oe. Usiku wa baridi wa Juni na Julai ua lisikae limegusana na kioo.

Mjomba wako atasema ni kazi ya bure kulea mmea wa ukungu kwenye nchi kavu, wakati waridi la jangwa linachanua lenyewe juani. Hoja yake ina uzito, na nje ya nyumba namuunga mkono kabisa. Lakini waridi hilo halitachanua sebuleni nyuma ya pazia, na hili litachanua. Kuna sababu nyingine inayonigusa zaidi: aina kadhaa za ndugu zake ziko hatarini kutoweka kwa sababu misitu yao inakatwa, kwa hiyo usikubali kamwe kununua mmea uliong'olewa porini. Huhitaji. Kata jani moja zima na kikonyo chake, lichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, lifunike kwa mfuko unaopitisha mwanga, na baada ya wiki kadhaa vitoto vitatokeza shinani. Kimoja mpelekee mama yako. Dirisha la chumba chake linatazama mashariki.

Shangazi yako