Konde Lisilouzwa: Khabari za Pariangan, Kijiji cha Wakulima katika Milima ya Sumatra

Watu wengi wa kwetu wakilisikia jina la Indonesia hukumbuka karafuu, ambayo asili yake ni visiwa vya Maluku kabla haijafika Unguja na Pemba. Na wengine hukumbuka mahujaji wake, ambao kila mwaka hujaa Makka na Madina. Lakini ni wachache waliopata kusikia khabari za watu wake wa bara, walima mpunga wa milimani, na hasa ndugu zetu wa kabila la Minangkabau, upande wa magharibi wa jazira ya Sumatra. Hawa ni Waislamu madhubuti, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii kama tulivyo wengi wetu huku pwani. Na juu ya hayo, nyumba na makonde ya ukoo kwao hurithiwa kwa upande wa mama, mama kwa binti, na mwanamume hapati fungu la kwenda kuliuza. Mwenye kuzisoma aya za mirathi katika Suratun Nisaa hana budi kuuliza: imekuwaje?

Basi na twende tukapatazame. Mgeni atokaye mji wa bandari wa Padang huelekea kaskazini. Mwanzo njia ni tambarare, minazi huku na huku, hata akadhani yuko kwao. Kisha milima inambana, na gari inaingia katika bonde jembamba liitwalo Lembah Anai, ambapo maporomoko ya maji huanguka kando kabisa ya barabara. Hapo hewa hubadilika. Akifika mji mdogo wa Padang Panjang atatafuta koti. Mji huo una sifa yake: ndipo bibi mmoja, Rahmah El Yunusiyah, alipofungua madrasa ya wasichana, Diniyah Puteri, mwaka 1923, na mwaka 1957 Al-Azhar ya Misri ikamtunukia cheo cha Shaikha. Wale wanaodhani kwamba kumsomesha binti ni jambo tuliloletewa na Wazungu wangefaa kuijua khabari hii. Kutoka hapo njia hufuata ubavu wa mlima Marapi kwendea Batusangkar, na ukiiacha ukapanda upande wa kushoto unafika Pariangan.

Marapi ni mlima wa moto, wenye urefu wa mita 2,891, na majivu yake ndiyo yaliyoipa ardhi ile rutuba. Kijiji kimekaa mtelemkoni. Majaruba ya mpunga yamepangwa ngazi kwa ngazi, na maji yatokayo mlimani hushuka jaruba hata jaruba, kila mwenye konde akimwachia wa chini yake. Katikati upo msikiti wenye paa la tabaka, na karibu nao chemchemi za maji ya moto yanayoongozwa katika mabirika ya kuogea, ya wanaume mbali na ya wanawake mbali; mtu akaoga kwa maji ya moto alfajiri ya baridi kisha akaingia kusali. Wenyeji husimulia kwamba hapa ndipo mababu wao wa kwanza walipokaa, na kwamba vijiji vyote vya Minangkabau ni watoto wa kijiji hiki. Lipo pia kaburi refu ajabu, ambalo kwa masimulizi yao ni la Tantejo Gurhano, fundi aliyebuni umbo la nyumba zao.

Nasi tumesema kijiji, lakini wao husema nagari, na nagari ni zaidi ya kijiji. Kwa ada yao haiwi nagari mpaka iwe na msikiti, na baraza la kukutania, na njia, na mahali pa kuogea, na koo zisizopungua nne ndani yake. Serikali iliwahi kuiondoa nagari ikaweka vijiji vya mfano mmoja nchi nzima, kwa sheria ya mwaka 1979. Lakini watu wa Sumatra Magharibi hawakuridhika nayo, na mwaka 2000 wakairudisha.

Nyumba yenyewe huitwa rumah gadang, maana yake nyumba kubwa. Ni ya mbao, imesimama juu ya nguzo, na paa lake limepinda likachongoka pembeni mfano wa pembe za nyati. Zamani liliezekwa kwa nyuzi nyeusi za mti wa jamii ya mnazi, na siku hizi aghalabu ni mabati. Mbele yake husimama ghala za mpunga, nazo zina mapaa ya pembe vile vile. Ndani, vyumba ni vya mabinti walioolewa, kila mmoja na chake. Mume alikuwa akija usiku kwa mkewe kama mgeni mheshimiwa, na asubuhi akirudi kulima konde la mamake na dada zake. Ama vijana wa kiume waliokwisha balehe, hawakuwa na chumba katika nyumba hiyo hata kidogo: walilala kwenye surau, yaani langa ndogo ya ukoo, wakisoma Kurani na kujifunza mieleka na adabu. Watu wa Lamu, ambako baba humjengea binti nyumba na mume akahamia kwake, hawatashangaa sana. Lakini hata wao watashangaa wakisikia kuwa mwenye amri juu ya watoto hakuwa baba yao bali mjomba, ndugu wa mama, waliyemwita mamak. Wenyewe wana methali: mume katika nyumba ya mkewe ni kama majivu juu ya kisiki, upepo ukivuma umekwisha.

Hayo ya kuja usiku na kuondoka asubuhi yamepita. Leo wengi wamejenga nyumba ndogo za matofali, mume na mke na watoto wao, na baba ni baba. Lakini makonde hayakubadilika. Konde la mpunga lililopokewa kutoka vizazi vya nyuma huitwa pusaka tinggi, urithi wa juu, na si mali ya mtu mmoja. Wanawake wa ukoo hugawana kulitumia: huyu jaruba hizi, yule zile, au hulimwa kwa zamu, au hupewa mtu mwingine alime kwa kugawana mavuno nusu kwa nusu. Mjomba hulisimamia, akahifadhi mipaka yake, akasema kwa niaba ya ukoo mbele ya baraza. Yeye mwenyewe hali chake humo ila kwa ridhaa ya dada zake.

Kuuza ni mwiko. Kuliweka rahani kunaruhusiwa, lakini ada imetaja mambo manne tu: maiti yumo ndani naye hana cha kuzikiwa, binti amekua naye hajaolewa kwa kukosa gharama, nyumba kubwa inavuja, au cheo cha mkuu wa ukoo kimelala, na hapana mali ya kumsimamishia mwingine. Nje ya hayo, na bila ya ukoo mzima kukubali, mjomba akiliweka rahani amekhini.

Sasa turejee kwenye swali letu. Si kweli kwamba watu hawa hawakuzijua aya za mirathi. Wamezijua, na wamezigombania kwa zaidi ya miaka mia mbili. Mwaka 1803 mahujaji watatu walirudi kutoka Makka wakaanza kuhubiri dhidi ya kamari, vita vya majogoo na ada zilizopingana na dini. Ikawa fitina, kisha vita, na mwisho Waholanzi wakaingia kati. Kiongozi mashuhuri wa upande wa dini, Tuanku Imam Bonjol, alishikwa na Waholanzi mwaka 1837, akafa uhamishoni mwaka 1864. Ameacha kumbukumbu, na ndani yake imesimuliwa jinsi alivyofika kuamrisha mali zilizotekwa katika vita zirejeshwe kwa wenyewe.

Aliyeyatamka maneno makali kuliko wote ni Sheikh Ahmad Khatib, mzaliwa wa Agam mwaka 1860, aliyehamia Makka akapanda daraja hata akawa imamu na khatibu wa Mashafii katika Msikiti Mtukufu. Aliandika kutoka huko kwamba mali inayozuiliwa watoto na kupewa wapwa ni ghasbu, na mwenye kuila anakula mali ya mayatima. Wala hakuwa na choyo ya bure. Wakati ule hata mali aliyoichuma mtu kwa jasho lake ilikwenda kwa watoto wa dada yake, na watoto aliowazaa mwenyewe wakabaki mikono mitupu. Huyu ndiye mwalimu wa Ahmad Dahlan, aliyeasisi Muhammadiyah mwaka 1912, na wa Hasyim Asy'ari, mmoja wa waasisi wa Nahdlatul Ulama mwaka 1926. Alikufa Makka mwaka 1916.

Lakini mwanafunzi wake mwingine, Haji Abdul Karim Amrullah wa Maninjau, maarufu kwa jina la Haji Rasul, aliliona jambo kwa jicho jingine. Alisema kwamba lile konde la kale haliingii katika mirathi kabisa, kwa kuwa maiti hakulimiliki, limezuiliwa asili yake na kuachiliwa manufaa yake, mfano wa wakfu, na mfano wa alivyofanya Sayyidna Umar (R.A.) katika ardhi yake ya Khaibar, ambayo haikuuzwa, haikupewa mtu, wala haikurithiwa. Mali iliyochumwa na mtu mwenyewe, hiyo ndiyo mirathi, nayo lazima igawiwe kwa faraidh. Juu ya msingi wa namna hiyo wanazuoni, wakuu wa ada na wasomi walikutana Bukittinggi mwaka 1952 wakakata shauri, na mkutano wa Padang wa mwaka 1968 ukalithibitisha: pusaka ya kale ibaki kwa ada, na chumo la mtu lifuate sharia.

Mwenye kutaka kuubishia mlango huu anao upenyo. Wakfu kwa Mashafii hutaka tamko la mwenye kuuweka. Na ni nani ajuaye ni bibi gani wa kale aliyetamka? Hata mwana wa Haji Rasul, yule Hamka mwenye Tafsiri ya Al-Azhar (1908–1981), hakuiachia ada ile isihojiwe. Katika riwaya yake ya mwaka 1938 alimweleza kijana mwenye baba Mminangkabau na mama wa Makassar, ambaye alipokwenda kwao babake alihesabiwa mgeni, hana ukoo wala konde. Sisi kwa upande wetu twaona hoja ya Haji Rasul ina nguvu, na jirani zetu ni mashahidi. Huko Ngazidja mali ya manyahuli hukaa kwa wanawake wa ukoo, haigawanywi wala haiuzwi, nao ni Waislamu wa Shafii wasio na shaka. Na hapa kwetu wakfu wa familia haukuwa jambo geni, na sote twajua mwisho wa nyumba nyingi zilizogawiwa vipande baina ya warithi kumi na watano, kila mmoja akauza fungu lake kwa mgeni.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni ile rahani, na ajabu ni kwamba halikupigiwa kelele kama lilivyopigiwa la mirathi. Mwenye shida hupokea mkopo, aghalabu kwa kipimo cha dhahabu ili thamani isipotee, na mkopeshaji hulichukua konde akalilima, au akamlimisha mwenyewe kwa nusu ya mavuno, mpaka dhahabu irudi yote. Miaka kumi, ishirini, hata mtoto akarithi rahani ya babake. Dhahabu haikupungua hata chembe, na mpunga umekwisha kuliwa. Wanazuoni wa Shafii hawamruhusu mwenye kuwekewa rahani kula manufaa ya kitu alichowekewa, na huku Unguja na Pemba wazee wetu wanakumbuka jinsi mashamba ya mikarafuu yalivyotoka mikononi mwa wenyewe kwa mlango wa bei khiyari. Serikali ya Indonesia ilitoa sheria namba 56 ya mwaka 1960, kwamba konde lililokaa rahani miaka saba au zaidi lirudishwe kwa mwenyewe bila ya malipo. Katika nagari nyingi haikufuatwa. Watu huona haya kudai konde bila ya kurudisha dhahabu; na mkopeshaji mara nyingi si tajiri wa mbali, bali ni jirani wa safu moja msikitini.

Vijana wao, kama wetu, huondoka. Kwao kusafiri kutafuta riziki ni ada yenye jina lake, merantau, na ndio waliotapakaza mikahawa ya chakula cha Padang kila mji wa Indonesia. Wakifanikiwa, fedha ya kwanza nyumbani mara nyingi hutumika kulikomboa konde la mama.

Usiku wa 11 Mei 2024, mvua kubwa iliyateremsha majivu na mawe ya Marapi katika mito ya Agam na Tanah Datar, ambayo ndiyo wilaya ya Pariangan. Watu zaidi ya 60 walifariki, Mwenyezi Mungu awarehemu; barabara ya Lembah Anai ilikatika, na majaruba mengi yakafunikwa, hata mipaka ikawa haionekani. Wa kuulizwa mpaka wa konde ulipokuwa ni bibi wa ukoo na ndugu yake, wakisimama juu ya mawe na kuonyesha kwa kidole.