Utulivu Uliosifiwa

Mwanangu wa tatu alisifiwa sana alipozaliwa. Halii usiku, hasumbui, ukimlaza amelala. Majirani waliokuja kumwona hapa Nyansurura walisema Mungu amenipumzisha, maana kaka zake wawili walinifanya nikeshe. Uchungu wake ulikuwa mrefu na alichelewa kulia, lakini alipolia tulishukuru, tukarudi nyumbani.

Siku ya chanjo ya wiki ya sita nesi alimpima uzito, akaniuliza, "Mama, ananyonya vizuri huyu?" Nikamwambia ananyonya kidogo, anachoka, analala. Basi hakunirudishia. Alimlaza chali, akamshika mikono, akamvuta taratibu aketi. Kichwa kikabaki nyuma. Cha mtoto wa wiki sita bado hubaki nyuma kidogo, akanieleza, ila shingo huonekana ikijitahidi. Ya mwanangu haikujaribu. Akamlaza kifudifudi juu ya kiganja: mikono na miguu ikaning'inia kama khanga kwenye kamba. Mwisho akakiinua kichwa chake kidogo, akakiachia ghafla na kukidaka kwa mkono uleule. Mtoto mwenye afya hapo hutupa mikono yote miwili nje, hukunjua vidole, kisha huikusanya kifuani, mara nyingi kwa kilio. Sisi tukiona hivyo usingizini husema ameota. Wangu alichezesha vidole tu.

Kushtuka huko kulielezwa mwaka 1918 na Ernst Moro, daktari wa watoto aliyekuwa Heidelberg, Ujerumani, na hadi leo kunaitwa kwa jina lake. Kipimo hiki hakihitaji mashine wala umeme. Kinahitaji mikono inayojua inachotafuta. Mkono mmoja ukitupwa na mwenzake ukabaki, huenda mishipa ya fahamu ya bega iliumia wakati wa kuzaliwa, au mtulinga ulivunjika. Na mtoto akivuka miezi sita bado anashtuka vile, hiyo nayo ni sababu ya kumpeleka kwa daktari.

Tulipewa rufaa kwenda hospitalini Mugumu. Daktari alisema ubongo ulikosa hewa alipokuwa anazaliwa, akanionya kwamba mwili uliolegea leo unaweza kukakamaa baadaye. Ikawa hivyo. Kabla hajatimiza mwaka miguu ilianza kukaza na kupishana, nikasikia kwa mara ya kwanza jina la mtindio wa ubongo. Sikuambiwa atapona. Nilifundishwa kumbeba mapaja yakiwa yametanuka, kumlisha akiwa wima asipaliwe, kumnyoosha miguu polepole baada ya kumwogesha kwa maji ya vuguvugu. Mama mkwe, aliyetaka kwanza tutafute nani katuroga, ndiye anayemnyoosha jioni nikiwa shambani.

Siku hizi nikienda kumwona mzazi, namwomba nimwogeshe mtoto. Natazama kama mikono yote miwili inacheza, kama ananyonya kwa nguvu. Nikiambiwa ni mtulivu mno, nauliza maswali mengi, hata mwenyeji akichukia kidogo. Mmoja alichukia, kisha akaenda zahanati.

Mwanangu ana miaka miwili. Anaketi akiegemezwa, anacheka akisikia pikipiki ya baba yake, na mkono wa kulia umeanza kushika kijiko. Miguu bado. Daktari anataka apigwe picha ya nyonga kabla ya masika, kwa sababu misuli iliyokaza huvuta mfupa wa paja utoke mahali pake.