Uvimbe wa Pili wa Mjomba

Mjomba wangu alikuwa na miaka 43 alipopatikana na saratani ya figo, mwaka 2017. Tulifanya harambee, tukauza ng'ombe wawili kule nyumbani, na siku ya kupasuliwa ikapangwa.

Kisha picha ya skani ikaonyesha uvimbe mwingine, juu ya figo ya upande wa pili, kwenye tezi ya adrenali. Daktari hakusita. "Imeenea," alisema, na mama akaangua kilio pale pale mlangoni.

Wa kumshukuru ni daktari kijana wa nusukaputi aliyekuja kumwangalia mgonjwa jioni, siku moja kabla ya upasuaji. Alipima presha, akanyamaza, akapima tena.

"Mzee, huwa unatokwa na jasho bila sababu? Kichwa kinakuuma? Moyo unakwenda mbio?"

Mjomba alicheka. Mambo hayo alikuwa nayo miaka mitatu, na sote tulimwambia ni wasiwasi wa madeni. Hata mimi, ninayejidai kuandika habari za afya!

Upasuaji uliahirishwa, mjomba akapewa mtungi wa kukusanyia mkojo wa saa 24.

Tezi hizi zimekaa juu ya figo mfano wa kofia. Hutoa adrenalini, homoni inayokutimua mbio ukiona nyoka. Lakini uvimbe uitwao feokromositoma huimwaga ovyo. Mgonjwa akipasuliwa bila matayarisho, uvimbe ukiguswa tu presha yaweza kuruka hata akafa mezani. Kuudunga sindano ili kutoa kipande cha kupima pia ni hatari. Ni kweli saratani ya figo huweza kuenea hadi kwenye tezi hiyo, kwa hivyo daktari wa kwanza hakuwa akibuni. Kosa lake ni kutopima kwanza.

Majibu ya mkojo yalithibitisha. Kwa wiki mbili mjomba alimeza dawa za kulegeza mishipa, akanywa maji mengi na kuongezewa chumvi chakulani. Chumvi kwa mtu wa presha! Mkewe nusra agombane na wauguzi. Ndipo uvimbe wa tezi ukatolewa, na ule wa figo baadaye.

Kisha tukaulizwa juu ya ukoo. Upo ugonjwa wa kurithi, Von Hippel-Lindau, ambao jeni yake iligunduliwa mwaka 1993. Huweza kuleta uvimbe wa aina zote mbili, na mwingine machoni na ubongoni. Mzazi akiwa nao, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Mama akamkumbuka babu, aliyepofuka jicho moja angali kijana. Tulikuwa tukiambiwa karogwa.

Damu ya mjomba ilionyesha anao. Mama alipimwa, hana, nami nikapumua. Kitinda mimba wa mjomba, aliyekuwa na miaka sita wakati huo, anao. Juzi alinipigia simu kuniuliza kwa nini kila mwaka lazima apimwe macho na presha ilhali haumwi popote.

Nilimwambia nitakuja Jumamosi, tuzungumze.