Chakula cha Njiani Kasumbalesa

Mtu akitoka Lubumbashi na kushika barabara kuu ya kusini, baada ya mwendo wa kilomita 90 hivi hufika Kasumbalesa, mji wa mpakani katika jimbo la Haut-Katanga. Mbele yake ni nchi ya Zambia, na mji wa kwanza wa jirani ni Chililabombwe, jina ambalo kwa Kilamba lamtaja chura aliaye. Kisha hufuata Chingola na Kitwe. Reli ya zamani haikupita Kasumbalesa. Ilipita Sakania, ikafika Lubumbashi mwaka 1910, wakati mji huo ulipokuwa ukiitwa Elisabethville. Kasumbalesa ni mtoto wa barabara. Hapa ndipo yapitapo malori yachukuayo shaba na kobalti kwenda bandari za mbali, kama Dar es Salaam na Durban, na hapa ndipo yarudipo yamebeba unga, saruji, mafuta na mashine. Mara nyingi malori hupanga mstari mrefu usioonekana mwisho wake, na madereva hungoja siku nzima, pengine siku kadhaa.

Sasa, mahali wangojapo watu ndipo papikwapo. Kando ya barabara wamama wamepanga majiko ya makaa, na moshi wa vyakula hukulaki kabla hujashuka katika gari. Pana bukari nyeupe ya mahindi, pana sombe na lengalenga, samaki wakavu, nyama ya mbuzi iliyochomwa iitwayo michopo, viazi vitamu, na wakati wa mvua viwavi vilivyokaangwa. Tena pana chikanda, chakula wakipendacho sana watu wa pande zote mbili za mpaka. Mgeni akikiona hudhani ni soseji kubwa iliyokatwa vipande, wala hamna nyama ndani yake. Ni mizizi ya maua ya porini ya jamii ya okidi, iliyotwangwa ikawa unga, ikapikwa pamoja na unga wa karanga, magadi na pilipili hata ikagandamana. Mizizi hiyo huchimbwa hata katika nyanda za juu za kusini ya Tanzania, ikavushwa Tunduma kwenda kuuzwa Zambia. Basi chakula hicho kimesafiri kuliko wengi wetu tukilao.

Wengi wetu tutakula na kushukuru. Lakini katika gari hilo hilo yaweza kuwamo abiria mmoja ambaye kipande kimoja cha chikanda, kwa ajili ya zile karanga zisizoonekana, chaweza kumwua kabla hajavuka mpaka. Juu ya mtu huyo nataka kusema leo, maana likizo zakaribia, na watoto wetu watasafiri kwenda kwa shangazi na wajomba.

Mzio ni nini?

Mwili wa binadamu una walinzi wake, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu vya maradhi. Walakini kwa watu wengine walinzi hao hukosea, wakaona chakula chema kuwa adui. Mtu akila chakula hicho, hata kidogo, walinzi humwaga ndani ya damu vitu vikali vya kumpiga adui yule asiyekuwapo, na aumiaye ni mwenyewe. Hali hiyo huitwa mzio, na wengine husema aleji. Jina hilo la kigeni lilitungwa mwaka 1906 na Clemens von Pirquet, tabibu wa Vienna. Kabla yake, mwaka 1902, Charles Richet na Paul Portier wa Ufaransa walikuwa wameeleza jambo la ajabu: mbwa aliyevumilia kipimo fulani cha sumu ya kiumbe wa baharini mara ya kwanza, alipopewa tena kipimo kidogo tu baada ya majuma machache, alikufa upesi. Kwa kazi hiyo Richet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913.

Vyakula viletavyo shida hii mara nyingi ni karanga, maziwa, mayai, samaki, kamba, soya, ngano, ufuta na korosho pamoja na jamaa zake. Kuchemsha au kukaanga hakuondoi nguvu ya karanga. Kuzikaanga kwaweza hata kuizidisha. Kadhalika wataalamu wameona kwamba mtu mwenye mzio wa kamba aweza kudhurika na viwavi, kwa sababu viumbe hao wana kitu kinachofanana katika miili yao. Huyu asivijaribu vile viwavi vya Kasumbalesa kwa kuwa tu wenzake wavisifu.

Kitu kimoja, majina mengi

Likizo iliyopita nilimsindikiza mpwa wangu, kijana wa miaka 12, aliyekuwa akienda Kitwe kwa shangazi yake. Tangu utoto hawezi karanga. Mara moja zilimfikisha hospitalini akiwa amevimba uso na kukosa pumzi. Mama yake alimfundisha mapema jambo ambalo ni lazima mpakani: kulijua jina la adui yake kwa kila lugha. Sisi twasema karanga. Waandikao Kifaransa katika maduka ya Kongo huandika arachide. Mtu wa Kinshasa asemaye Kilingala husema nguba. Mbemba wa Zambia husema imbalala, na mboga zilizoungwa kwa unga wa karanga huziita ifisashi. Katika paketi zitokazo Zambia utasoma groundnuts au peanuts. Mtu akiuliza jina moja tu, aweza kujibiwa kwa moyo mweupe kwamba hamna, na kumbe zimo. Kwa hiyo kijana alichukua mfukoni karatasi ngumu, imeandikwa kwa Kiswahili, Kifaransa na Kibemba: “Nikila karanga, hata unga wake au mafuta yake, naweza kufa. Tafadhali niambie kama zimo.”

Tulipofika, njaa ilikuwa imetushika. Tulikwenda kwa mama mmoja mwenye vyungu viwili vya mboga.

“Jambo, mama,” akasema kijana. “Mimi ni mgonjwa wa karanga, nikizila nakosa pumzi. Lengalenga hii umeiunga kwa kitu gani?”

“Kwa nyanya, kitunguu na mafuta, mwanangu. Karanga zimo katika chungu kile kingine.”

“Na mwiko huu, mama, wautumia katika chungu kipi?”

Abiria mmoja aliyekuwa akila akacheka, akasema, “Mtoto huyu achagua chakula kama mtoto wa mfalme!” Mama hakucheka. Aliutazama mwiko, akatazama vyungu vyake, akasema, “Mwiko ni mmoja kwa vyote viwili. Basi usile hii, mwanangu. Ngoja.” Akamgeukia yule abiria: “Mtoto wangu akianguka barabarani kwa chakula cha mwingine, nitamwuliza nani? Mwache aulize.”

Akanawa mikono kwa sabuni, akasugua sufuria ndogo, akachemsha mayai mawili, akaongeza kiazi kitamu kilichochomwa na ganda lake, na ndizi mbivu. Kijana alikula akashiba. Nami nilikula lengalenga yangu, tena ilikuwa tamu sana.

Yafaa tuangalie jinsi kijana alivyosema. Kwanza alisalimu, kisha alitaja ugonjwa wake, ndipo akauliza. Katika desturi zetu kukataa chakula cha mwenyeji ni kama kumtukana, na kuuliza kilichomo ni kama kumshuku. Mtu akianza kwa kuuliza, mpishi huona amedharauliwa. Akianza kwa kueleza hatari yake, mpishi huwa mlinzi wake. Tena hakuuliza, “Ni salama?” kwa maana swali hilo hujibiwa upesi kwa ndiyo. Aliuliza, “Umetia nini?” Mpishi hana budi kufikiri na kutaja kitu kimoja kimoja. Kuuliza si ujinga.

Mambo ya kushika njiani

Haya ndiyo yanayofaa kwa msafiri mwenye mzio mkali, awe kijana au mzee.

Achukue chakula chake cha kutosha siku nzima na zaidi, maana mpakani saa moja huweza kuwa saa kumi. Akila cha kununua, achague kitu kilicho kizima na kinachoonekana: yai lililochemshwa na ganda lake, ndizi, parachichi, hindi la kuchoma, kiazi. Alivyo navyo mzio, kama vile mayai, aviache. Vyakula vilivyotwangwa au kusagwa, kama chikanda, sombe, michuzi mizito na uji, ndivyo vifichavyo mengi. Hata uji wa watoto mara nyingi hutiwa unga wa karanga. Ajihadhari na mafuta yaliyokaangia vitu vingi, na kisu au mwiko wa shirika.

Anawe mikono kwa sabuni na maji kabla ya kula. Maji matupu hayatoshi, wala ile dawa ya kupaka mikononi yenye spiriti haiondoi mabaki ya karanga. Katika basi, jirani akila karanga, asigombane naye. Aeleze kwa adabu, afute kiti chake, wala asile kitu kwa mikono isiyonawiwa.

Kubwa kuliko yote, asisafiri bila dawa yake. Dawa iokoayo ni adrenalini. Katika nchi nyingine huuzwa ndani ya kalamu ya sindano iliyo tayari. Hiyo ni ghali, na si kila duka la dawa huwa nayo. Lakini adrenalini ya vichupa vidogo ni dawa ya kawaida ya hospitali. Mzazi amwombe daktari amwandikie kipimo na kumfundisha yeye na mtoto namna ya kuitumia. Kipimo cha kawaida ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, kisizidi miligramu 0.5, daktari ndiye aamuaye. Isiachwe ndani ya gari juani, maana joto huiharibu.

Hatari ikitokea

Dalili huanza mara nyingi katika dakika chache, pengine baada ya saa moja au mbili: midomo kuwasha, vipele vya mwasho mwilini, uso kuvimba, kutapika, sauti kukwaruza, kupumua kwa shida, kizunguzungu. Ikiwa pumzi yabana au mtu yu karibu kuzimia, asingojewe. Apigwe sindano ya adrenalini katika msuli wa paja, upande wa nje. Alazwe chini na miguu iinuliwe. Asisimamishwe wala kutembezwa. Kama hawezi kupumua akilala, aketi na miguu imenyoshwa. Baada ya dakika tano, asipopata nafuu, apigwe ya pili kama ipo. Kisha apelekwe hospitali, hata akionekana amepona, kwa kuwa ugonjwa waweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Vidonge vya kuzuia mwasho hutuliza ngozi, lakini havifungui koo lililofungwa. Maziwa na mafuta ya mawese, ambavyo watu hukimbilia kumnywesha aliyekula kitu kibaya, havisaidii, na mtu asiyeweza kumeza vizuri vyaweza kumpalia.

Neno hili la mwisho lina uzito. Kwetu, mtu akila kwa jirani kisha akaanguka, mara nyingi neno la kwanza lisemwalo ni sumu. Watu humtazama mpishi, ukoo hugawanyika, na mwanamke asiye na hatia huitwa mchawi mpaka kaburini. Ajuaye habari ya mzio aweza kuokoa roho mbili: ya yule aliyekula, na heshima ya yule aliyepika.

Lakini wazazi wasiogope kupita kiasi na kuwanyima watoto wote karanga. Mwaka 2015 matabibu wa London walitangaza matokeo ya uchunguzi wa watoto 640 waliokuwa katika hatari kubwa ya mzio, kwa sababu walikuwa na ukurutu mkali au mzio wa mayai. Baadhi walizuiwa karanga, na wengine walilishwa tangu umri wa miezi 4 hadi 11. Walipofikia miaka 5, katika waliozuiwa asilimia 17.2 walikuwa na mzio wa karanga. Katika waliolishwa, asilimia 3.2 tu. Kumbe uji wa karanga wa bibi zetu ulikuwa na hekima yake. Mtoto mwenye ukurutu mkali aonwe kwanza na daktari. Na mtoto mchanga apewe unga au karanga zilizosagwa laini, kamwe asipewe punje nzima, isije ikamkaba.

Basi wenye vibanda vya chakula, wa Kasumbalesa na wa kila stendi, wawe na mwiko mmoja kwa kila chungu. Bei yake ni ndogo. Na sisi tulio wazima, tukimwona mwenzetu auliza sana kabla ya kula, tusimcheke, bali tumpe nafasi aulize mpaka aridhike.