Ufa Ulioshonwa Butiama

Ndugu msomaji, kama nawe una gari lililozeeka, bila shaka waujua ugonjwa huu: injini ingali inaunguruma vyema, lakini plastiki za ndani zinapasuka moja baada ya nyingine. Mhalifu ni jua. Miale yake huidhoofisha plastiki, na joto la gari lililofungwa huyafukuza yale mafuta yaliyotiwa kiwandani ili kuilainisha. Kinachobaki ni kikavu kama ganda la kibuyu.

Peugeot 504 ya marehemu baba, gari la aina iliyoanza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, limekaa miaka mingi uani kwetu Butiama, bila hata kivuli cha mwembe. Mwezi uliopita nilifungua mlango wa kisanduku cha dashibodi, nao ukanivunjikia mkononi vipande viwili. Fundi mmoja wa mjini alinishauri niutupe, nitafute mwingine. Ushauri mwema, ila hakuwa ameutazama upande wa ndani. Huko baba alikuwa akiandika kwa wino kila alipobadilisha oili: tarehe, kilomita, basi. Ya mwisho ni ya mwaka 1998.

Nilitumbukiza kibanzi chake katika bakuli la maji. Kilizama. Fahamu, msomaji, kwamba plastiki inayoelea kwa kawaida ni ya jamii isiyoshika gundi. Inayozama mara nyingi hukubali. Gundi ya haraka naiogopa, kwani mvuke wake huacha ukungu mweupe. Iliyo imara zaidi ni asetoni, ile iliyomo katika dawa nyingi za kufutia rangi ya kucha: huyeyusha baadhi ya plastiki hata kingo mbili zikashikamana. Lakini kinachofuta rangi ya kucha hufuta na wino. Msumari wa moto nao ungeyaunguza maandishi, licha ya moshi wake, ambao si wa kuvutwa na mtu, sembuse watoto.

Nilikaa barazani na vipande vyangu kama mtu aliyepokea barua iliyochanika. Mama akatoka jikoni.

"Mwanangu, kibuyu kikipasuka hufanywaje?"

"Hushonwa, mama."

"Haya basi."

Nikaazima keekee. Palikuwa na ufa wa pili ambao haujafika ukingoni. Mwisho wake nikatoboa tundu dogo, maana ufa ukikutana na tundu la mviringo hukosa ncha ya kuendelezea safari. Kisha nikatoboa matundu kandokando ya kingo zote mbili. Mimi nilishika, mama akashona kwa waya mwembamba wa shaba, akivuta polepole, kwani plastiki kavu haivumilii pupa.

Matundu yote tuliyakwepesha maandishi, isipokuwa moja lililoangukia juu ya ule mwaka 1998. Mama alilitazama kitambo, kisha akapitisha waya.

Mlango sasa unafunga, ingawa sharti uusukume kwa kiganja. Gari tumelifunika turubai.