Michoro ya Safari

Jicho lina haraka kuliko sikio. Hesabu ya motokaa ikisomwa kwa sauti darasani, aghalabu husahauliwa kabla kengele haijalia. Ikichorwa ukutani, hata mtoto aketiye nyuma kabisa huikumbuka. Ndiyo sababu napenda michoro ya takwimu, hasa ile ya safari na vyombo vyake.

Mmoja ulio maarufu sana ni wa reli za chini ya ardhi za London. Harry Beck, mtu aliyezoea kuchora nyaya za umeme, aliubuni mwaka 1931. Alizinyosha njia zilizopinda, akaikuza katikati ya mji, akazivuta karibu stesheni za mbali. Wakubwa wa kazi waliukataa kwanza. Ulipotolewa mwaka 1933, watu waliupenda mara moja. Abiria aliye chini ya ardhi hana haja ya kujua mto umepinda wapi. Haja yake ni kujua atashuka wapi, na wapi atabadili treni. Mchoro ule husema uwongo juu ya masafa ili useme kweli juu ya safari.

Nairobi nayo ilipata wake. Kwa miaka mingi njia za matatu zilikaa vichwani mwa makondakta na abiria. Mgeni alitegemea hisani ya mpita njia. Kisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wataalamu wa Marekani, walipanda magari hayo na simu mikononi, wakanakili kila kituo. Mwaka 2014 ikatolewa ramani ya njia zipatazo 130, zenye rangi mbalimbali mfano wa zile za London. Ni kazi ya kusifiwa. Hata hivyo, mistari yake ni mitulivu mno. Haionyeshi jinsi nauli inavyopanda mvua inaponyesha (sijapata kuona wino uwezao jambo hilo), wala haimwonyeshi aendaye kwa miguu.

Huyo husahauliwa hata na wenye nia njema. Mwaka 1991 mji wa Münster, Ujerumani, ulitoa picha tatu za barabara moja: watu 72 na baiskeli zao, watu 72 na motokaa zao, watu 72 na basi lao. Motokaa zimeijaza barabara tele. Basi limesimama peke yake, na nafasi imebaki. Sijui hoja iliyo wazi kuliko hiyo. Lakini picha ya nne haimo: watu 72 na viatu vyao.

Muhula mmoja niliwapa wanafunzi wangu kazi ya kuwahesabu wapitao njia ya shule, tangu saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili asubuhi, na kuchora alama moja kwa kila watu kumi. Safu ya motokaa ilikuwa fupi. Ya pikipiki ikaizidi kidogo. Safu ya waendao kwa miguu ilipanda hata ukingo wa karatasi ukaisha, wakaja kuniomba karatasi ya pili na gundi.